Usimtoe huyo mwanamke: viumbe wa baharini kwenye picha za kale za Kijapani

Swali: "Habari dada. Mimi nachapa fulana hapa Tanga. Mteja kaniletea picha ya Kijapani imejaa mawimbi, kuna joka kubwa, pweza, samaki wameshika silaha, na katikati mwanamke anaogelea ana kisu. Mteja anataka nimtoe mwanamke nibakize joka na pweza, anasema ndo vinavyovutia. Kabla sijakata nataka kujua, hivi viumbe vya baharini vya Wajapani ni mashetani, ni miungu, au ni madoido tu ya mchoraji? Na wao wana nguva kama sisi?"

Jibu: Kaka, umefanya la maana kuuliza kabla hujakata, manake huyo mwanamke ndo mwenye picha. Joka, pweza na wale samaki wote wako pale kwa ajili yake, wanamfukuza yeye. Ukimtoa unabaki na kundi linalokimbiza hewa.

Wanamwita Tamatori-hime, na stori yake ni ya ghuba ya Shido, kisiwa cha Shikoku, sehemu ambayo zamani iliitwa Sanuki na sa hivi ni mkoa wa Kagawa. Inasimuliwa hivi. Kulikuwa na bwana mkubwa wa serikali, Fujiwara no Kamatari, huyu ni mtu wa kweli kabisa, alifariki mwaka 669. Kwenye stori binti yake ameolewa na mfalme wa China, aliposikia msiba akatuma zawadi za kumkumbuka baba ziwekwe hekalu la Kofuku-ji kule Nara, na katika hizo zawadi kulikuwa na johari moja yenye sanamu ya Buddha ndani, ukiitazama upande wowote ule Buddha anakuangalia wewe usoni. Meli ilipofika Shido, Mfalme Joka wa baharini akaitamani ile johari akainyakua, ikaenda kukaa kwenye ikulu yake huko chini.

Mtoto wa kiume wa marehemu, Fuhito, akaja Shido kajificha kama mtu wa kawaida, akaishi na mwanamke mmoja wa pale mpiga mbizi, mmoja wa wale wanaoitwa ama ambao kazi yao ni kuzama bila chochote cha kupumulia na kuleta konokono wa mwambani na mwani. Wakazaa mtoto wa kiume. Ndipo akamwambia yeye ni nani na shida yake ni nini. Mwanamke akajibu nitazama, ila huyu mtoto wangu umfanye mrithi wako. Hilo ndo lilikuwa sharti lake, na mimi kila nikiitazama hiyo picha naanzia hapo, kwamba haendi chini kwa ajili ya mali ya mtu, anaenda kumnunulia mtoto wake jina.

Wakamfunga kamba kiunoni, akashuka na kisu. Akaifikia johari, akaichukua, majoka na samaki wakali wakamgeukia, akaona hafiki juu. Hapo akajikata chini ya titi na kuiingiza johari ndani ya kidonda, kwa sababu joka la baharini linakwepa damu na maiti, kisha akavuta kamba. Waliomvuta wakapokea mtu anayekata roho na johari ikiwa ndani ya mwili wake. Mtoto ndo Fujiwara no Fusasaki, ambaye kihistoria alikuja kuwa mkubwa serikalini kweli, na pale Shido kuna hekalu, Shido-ji, ambapo mpaka leo wanaonyesha kaburi linalosemekana ni la huyo mama. Ipo pia tamthilia ya zamani ya jukwaa la Noh ambapo Fusasaki kashakua, anarudi Shido, na mzimu wa mama yake unamsimulia yote haya.

Kwa hiyo kanuni ninayokupa, na utaitumia kwa picha yoyote ya namna hii: ukitaka kumuelewa kiumbe, mtafute kwanza binadamu. Hizi picha zilizochapwa kwa ubao wa kuchonga kule Edo (mji ambao sa hivi ni Tokyo) hazikuwa za matajiri kutundika ikulu. Zilichapwa kwa maelfu, moja ilikuwa karibu na bei ya bakuli la tambi, na mnunuzi alikuwa anaijua stori tayari kutoka jukwaani au kwa wasimuliaji. Mchoraji alikuwa anachora ile dakika ambayo mnunuzi anaisubiri. Joka anaingia kwa sababu kuna mtu ana jambo na bahari.

Hiyo ya mteja wako kwa maelezo yako inatoka kwenye ukoo wa picha za mchoraji Utagawa Kuniyoshi, aliyefariki 1861, huyu alimchora Tamatori mara nyingi, na mwaka 1853 alitoa moja ya karatasi tatu zinazounganishwa ubavu kwa ubavu. Hebu ivute karibu uwaangalie askari wa Mfalme Joka. Utaona ni watu, wana mikono na mavazi ya vita, ila kichwani kila mmoja kabeba kiumbe wake, mwingine samaki, mwingine pweza, mwingine kombe. Ndo desturi ya kuchora watumishi wa ile ikulu, wanaiita Ryugu, na ni muhimu manake inakuonyesha kwamba chini ya maji kuna serikali nzima, kuna mfalme, walinzi, mawaziri, sio msitu wa wanyama.

Sasa Mfalme Joka mwenyewe, Ryujin. Sio shetani. Yupo tangu maandishi ya mwanzo kabisa ya Japani, ya mwaka 712 na 720, ambako kuna kijana alipoteza ndoana ya kaka yake baharini, akashuka kuitafuta mpaka ikulu ya mungu wa bahari, akamuoa binti, na akarudi na johari mbili, moja inajaza maji na nyingine inayakausha. Yule binti, Toyotama-hime, alimkataza mume asimchungulie akijifungua, mume akachungulia, akamkuta kageuka mnyama mkubwa wa baharini, binti kwa aibu akarudi zake kwao na kuufunga mlango wa bahari. Na kizazi chao ndo kinatajwa kuwa cha Jimmu, mfalme wa kwanza wa Japani. Kwa hiyo bahari ni ukweni kwa wafalme. Ndo maana joka kwenye hizo picha ana heshima hata akiwa adui, na mara nyingi utamkuta kakamata johari kwenye kucha, kucha tatu kwa kila mguu, hilo ulizingatie kwenye kuchora manake lile la kifalme la China lina tano.

Ila kama ungeniuliza mimi ni viumbe gani wa bahari ya Japani wananigusa zaidi, sio majoka, ni kaa.

Mwaka 1185, kwenye mlango bahari wa Dan-no-ura karibu na mji wa Shimonoseki, koo mbili zilipigana vita vya mwisho, Taira na Minamoto, merikebu kwa merikebu. Taira wakashindwa pale maji yalipogeuka. Walikuwa na mfalme mtoto, Antoku, wa miaka minane kwa hesabu yao. Bibi yake akambeba, mtoto akauliza tunaenda wapi, bibi akamwambia chini ya mawimbi nako kuna mji mkuu, wakazama wote wawili. Upanga mtakatifu wa ufalme ukazama nao, na wapo waliosema kwamba joka kachukua kilicho chake. Baadaye mama wa mtoto, aliyeokolewa na kuwa mtawa, anasimulia kaota ndugu zake wote wamekaa kwenye ikulu ya Mfalme Joka. Unaona ile ikulu imerudi tena.

Kwenye yale maji kuna kaa mdogo, gamba lake sentimita 2 au 3 hivi, mgongoni ana mikunjo inayofanana kabisa na uso wa mwanaume aliyekasirika, macho yamepinda juu, mdomo umebanwa. Watu wakasema hao ndo Taira. Wanaitwa kaa wa Heike mpaka leo, Heike ni jina jingine la hao Taira. Kuniyoshi kamchora jemadari wao, Taira no Tomomori, akiwa kule kilindini na nanga, kwenye kabuki, tamthilia nyingine ya jukwaani ya Kijapani, ndo anajifunga nayo na kujitosa, na chini yake kaa wenye sura za watu wanatambaa. Alafu kuna nyingine ya karibu 1850, karatasi tatu, mimi naona ndo kubwa kuliko zote alizofanya kuhusu bahari: chombo cha Yoshitsune, yule aliyewashinda Taira, kinapigwa na dhoruba ghuba ya Daimotsu, na nyuma ya mawimbi anga lote limejaa mizimu ya Taira. Iangalie vizuri ile mizimu. Haijachorwa kwa mistari myeusi kama watu wa chomboni, ni vivuli vya kijivu tu, mapembe ya kofia za vita, mikuki, mikono, huoni macho ya mtu hata mmoja. Na kwenye chombo mtawa Benkei kasimama na tasbihi anaomba, mabaharia wanahangaika na tanga. Mtu aliyewahi kukamatwa na kusi usiku haambiwi ile picha inasema nini.

Kuna maelezo utayakuta kila mahali kwamba wavuvi walikuwa wanawaachia kaa wenye sura za samurai, yaani wapiganaji wa kale, na kula wengine, kwa hiyo kizazi hadi kizazi sura zikazidi kukolea. Mwanabiolojia Julian Huxley aliyaandika 1952 na mwanasayansi Carl Sagan akayasambaza kwenye televisheni 1980. Ni maelezo matamu ila yana tatizo, hao kaa hawaliwi, ni wadogo mno, na ile mikunjo ni mahali misuli ya ndani inaposhikilia gamba, hata jamaa zao wa nchi nyingine wanayo. Uso tumeuweka sisi wanadamu. Kwa mtazamo wangu hiyo inaipa picha uzito zaidi, manake watu wa pale walikuwa na wafu wengi mno ndani ya maji wakahitaji mahali pa kuwaona.

Wa tatu wa kumjua ni umibozu. Hana hadithi ndefu, bahari imetulia ghafla anainuka mbele ya chombo, mweusi, kichwa cha duara kimenyolewa kama cha mtawa, macho mawili tu. Kuniyoshi alimchora kwenye mfululizo wake wa vituo vya barabara ya Tokaido, miaka ya 1845 na 1846, kituo cha Kuwana. Nahodha anaitwa Tokuzo, kasafiri siku ambayo mabaharia walikatazwa kutoka. Jitu linamuuliza, unaniogopa? Tokuzo akajibu kwamba kinachotisha ni kutafuta riziki duniani, na jitu likatoweka. Hapo tena, ukimtoa Tokuzo unabaki na doa jeusi kwenye bahari.

Ndugu zake ni mizimu ya waliozama, wanakuja ubavuni mwa chombo usiku wanaomba kata ya kuchotea maji. Ukiwapa kata nzima wanakuchotea bahari ndani mpaka mzame, kwa hiyo mabaharia walikuwa wanatembea na kata iliyotobolewa tako, wanawapa hiyo. Na wale wapiga mbizi, ama, nao wana mzimu wao, kule pwani ya Shima mkoa wa Mie wanamtaja mmoja anayefanana na mpiga mbizi mwenyewe, nguo ileile, anakuonyesha konokono wazuri na kukuita uje ndani zaidi. Ndo maana ama wa kule wanashona kwenye kitambaa cha kichwani nyota ya ncha tano inayochorwa kwa mstari mmoja usiokatika, mstari unaanzia mahali na kurudi palepale, ili mzamaji naye arudi. Hiyo alama ukiiweka kwenye kitambaa cha Tamatori wako utakuwa umefanya kitu ambacho hata wachoraji wengi hawakifikirii.

Haya, nguva. Kiumbe wao anaitwa ningyo, ila usimtegemee yule dada mwenye nywele ndefu na mkia. Kuna karatasi ya habari ya 1805 inayosema kaonekana ghuba ya Toyama, urefu zaidi ya mita 10, uso wa mwanamke, pembe mbili kichwani, na macho mengine ubavuni, na kwamba ilibidi wapige bunduki 450. Kwa watu wa kule jambo la ningyo lilikuwa nyama yake. Kuna binti wa sehemu iliyoitwa Wakasa alikula nyama aliyoileta baba yake bila kujua, hakuzeeka tena, akazika waume na ndugu, akawa mtawa anayezunguka nchi akipanda miti, akaishi miaka 800 mpaka akaingia pangoni kufa kwa hiari yake kwenye mji wa Obama, mkoa wa Fukui, pango lipo. Kuhusu zile maiti kavu za ningyo zinazotunzwa mahekaluni, moja ya hekalu la Enju-in mkoa wa Okayama ilipimwa na watafiti, majibu yakatoka 2023: kitambaa, karatasi, pamba, ngozi ya samaki na manyoya ya mnyama, kazi ya mwishoni mwa miaka ya 1800.

Nguva wetu mwenyewe, yule mnyama anayekula majani ya baharini, yupo pia Japani lakini kusini kabisa, Okinawa, na ni aina ileile moja. Na kule kuna stori kwamba wavuvi wa kisiwa cha Ishigaki walimnasa mmoja anayeongea, akawaomba wamwachie, walipomwachia akawaambia wimbi kubwa linakuja kimbilieni mlimani. Tsunami ya kweli iliipiga Ishigaki mwaka 1771 na kuua maelfu.

Huko kutoa taarifa ndo kazi ya Amabie pia. Mwaka 1846, jimbo la Higo ambalo sa hivi ni Kumamoto, watu wanaona mwanga baharini kila usiku, afisa akaenda kuangalia, akatoka kiumbe mwenye nywele mpaka chini, mdomo wa ndege, magamba, na miguu mitatu. Akasema miaka sita mavuno yatakuwa mazuri nchi nzima, ila ugonjwa utaenea, chora picha yangu uwaonyeshe watu haraka. Akarudi majini. Imebaki karatasi moja tu, ipo maktaba ya Chuo Kikuu cha Kyoto, na mchoro wenyewe ni wa mkono usio na ufundi wowote. Kwenye ile karatasi hakuna binadamu, manake binadamu ni wewe uliyeishika. 2020 korona ilipoingia Wajapani wakaanza kumchora kwa maelfu na kumtupia mitandaoni, mpaka Wizara ya Afya ikamtumia kwenye tangazo la kuzuia maambukizi.

Wengine kwa haraka. Kambare mkubwa, namazu, anayesemekana kuleta matetemeko, ni wa chini ya ardhi kuliko baharini, ila utakutana naye: tetemeko la Edo la Novemba 1855 lilitokea mwezi ambao miungu inasemekana imesafiri, yule mungu wa Kashima anayemkandamiza kwa jiwe hayupo, na ndani ya wiki chache zikatoka picha za huyo kambare mamia, nyingine anapigwa na watu, nyingine mafundi seremala wanakunywa naye maana wamepata kazi, serikali ikazipiga marufuku. Kasa mwenye mkia wa mwani ni maisha marefu, anawekwa kwenye vitu vya harusi. Kombe anayepumua moshi na ndani ya moshi pakatokea jumba, hiyo ni mazigazi ya baharini, na ukiangalia vizuri hilo jumba mara nyingi ni Ryugu. Samaki mwenye kichwa cha simbamarara juu ya paa la ngome ni wa kuzuia moto, wa dhahabu maarufu wako Nagoya.

Turudi kwenye fulana. Kwanza pweza. Mtandaoni picha za mpiga mbizi na pweza nyingi zinatokana na mchoro wa faragha wa mchoraji Hokusai wa 1814, ambao sio wa kuvaa mtu akipita mbele ya wakwe, kwa hiyo hakikisha ulichopewa ni Tamatori akikimbia. Dalili ni tatu, kisu, johari, na kamba kiunoni au joka nyuma. Kama pweza kamkumbatia na joka hayupo, achana nayo.

Rangi sasa. Ile bluu ya kina unayoiona kwenye picha za baada ya 1830 ni bluu ya Prussia, iliingia kwa bei rahisi miaka hiyohiyo ndo bahari ikaanza kuchorwa sana, na pale inapofifia taratibu kutoka juu kwenda chini sio rangi nyingi, ni ubao mmoja ambao mchapaji ameupaka rangi kisha akaulainisha kwa maji upande mmoja kabla ya kukandamiza karatasi. Kwa skrini yako ya kuchapia huo mfifio hautatoka kwa rangi bapa moja, ama utumie vidoti au uchanganye bluu mbili juu ya fremu uvute kwa pamoja. Mistari ya mawimbi iache minene, povu liwe na kucha, na ngozi ya mwanamke usiipake rangi, iache rangi ya kitambaa, itakuwa ndo mahali peupe pekee na jicho litaenda pale lenyewe.

Kama mteja bado anang'ang'ania joka tupu, usikate hii. Mchoree joka peke yake kwenye mawingu na johari kwenye kucha, hiyo ipo toka zamani na inasimama yenyewe. Lakini kabla ya hapo msimulie habari ya yule mtoto wa Shido, nadhani atabadilisha mawazo. Na kama ni mgongo wa fulana, mwanamke mweke juu karibu na shingo, joka lianzie kiunoni linapanda, na kamba iende juu mpaka itoke nje ya picha kwenye mshono wa bega.